Bugobogobo kwa watoto wa darasa la awali: anza na kusimama

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule moja mkoani Mwanza. Nina watoto 38 wa miaka 4 na 5. Mwalimu mkuu ameniagiza nitayarishe bugobogobo, ngoma ya kulima ya Wasukuma, kwa ajili ya mahafali, ya dakika 8, watoto wakiwa katika mistari mitatu na majembe madogo mikononi. Zimebaki wiki 6. Nimefanya mazoezi kwa wiki mbili nikitumia muziki wa kwenye simu na spika, lakini mistari haikai, kulia na kushoto hawakujui, wawili wameshapigana kwa mipini, na mmoja husimama tu akitazama tangu siku ya kwanza. Baadhi ya wazazi wanataka bongo fleva badala ya ngoma. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Makosa unayoyaorodhesha si ya watoto wako, na kwa sehemu kubwa si yako pia. Ngoma uliyoagizwa kuifundisha imekatwa kwa kipimo cha mtu mzima, na mtoto wa miaka 4 akivikwa koti la baba yake atajikwaa tu, hata awe hodari kiasi gani. Nitakueleza ninavyofanya mimi, kwa kuwa nilipoanza kazi hii nilianzia pale pale ulipo wewe.

Mimi nilijifunza ngoma Bagamoyo, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 ambacho leo tunakiita TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tulifundishwa tukiwa watu wazima: mwalimu mbele, wanafunzi katika mistari nyuma yake, hatua moja ikirudiwa hadi mwili uikubali. Mtindo huo una historia yake. Baada ya Uhuru, ngoma za makabila zilipopandishwa jukwaani na kikundi cha taifa katika miaka ya 1960, zilibidi zigeuzwe uso. Zile zilizokuwa zikichezwa uwanjani, watazamaji wakiwa pande zote na wengine wakiingia kucheza walipoguswa, zikapangwa upya zimwelekee mtu aliyeketi mbele. Mistari mitatu anayoitaka mwalimu mkuu wako ni ya ukoo huo. Haina ubaya, ila inamdai mchezaji mambo matatu kwa wakati mmoja: akumbuke hatua, apime nafasi kati yake na mwenzake bila kumtazama, na ajue anavyoonekana na mtu aliye mbali. Hilo la tatu mtoto wa miaka 4 hana. Yeye bado anadhani kwamba anachokiona mwenyewe ndicho wanachokiona wote, na ndiyo maana atakugeuzia mgongo jukwaani akiwa na furaha tele, akicheza na rafiki yake aliye nyuma.

Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha watoto, kwenye shule ambayo sitaitaja, niliwapanga watoto 24 katika mistari minne nikawachorea alama za chaki sakafuni. Siku ya mahafali tulicheza kwenye nyasi, ambako chaki haiandiki. Muziki haujafika hata dakika ya kwanza, umeme ukakatika. Watoto wangu walibaki wamesimama wakinikodolea macho, wawili wakaanza kulia, wa tatu akaenda kukaa mapajani mwa mama yake. Mpishi wa shule, mama mtu mzima, akapindua ndoo ya plastiki akaanza kuipiga. Watoto walimfuata yeye. Walimzunguka, wakacheza vizuri kuliko walivyowahi kucheza katika mazoezi yangu yote ya miezi miwili. Siku ile nilikasirika, na ilinichukua muda mrefu kukiri kwamba yule mama alinionyesha kazi inavyofanywa.

Basi katika wiki ya kwanza kati ya hizo sita, iweke bugobogobo kando kabisa na ufundishe jambo moja tu: kusimama. Ngoma ikilia tunatembea popote uwanjani, ngoma ikinyamaza kila mmoja anaganda pale alipo kama mti. Huo ndio mchezo wote. Utaona siku ya kwanza kwamba kusimama kunawashinda kuliko kwenda, kwa sababu uwezo wa kuuzuia mwili ambao umekwisha kuanza kusogea ndio kwanza unakomaa katika umri huo. Wengine watapitiliza hatua tatu nne, wengine watajiangusha makusudi. Usiwakemee. Piga tena, nyamaza tena, na kila siku badilisha urefu wa kimya: mara kifupi kama pumzi moja, mara kirefu hadi waanze kutazamana na kucheka. Kufikia siku ya nne watakuwa wanasikiliza kwa namna ambayo maneno yako ya "jamani sikilizeni" hayajawahi kuwafanya wasikilize.

Ninalisisitiza hili kwa sababu tatu, na ya kwanza ni usalama. Kundi la watoto 38 linaloweza kusimama papo hapo unaweza kulikabidhi hata kijiti mkononi. Lisiloweza, usilikabidhi kitu. Ya pili ni kwamba kusimama kunamfundisha mtoto mapigo bila kumhesabia. Sisi wakubwa tumezoea kuhesabu hadi nane, lakini kwa mtoto wa miaka 4 namba ni wimbo mwingine, nao utagombana na ule wa ngoma. Ya tatu nitairudia nikifika kwenye onyesho lenyewe, kwa kuwa kimya cha pamoja ndicho kitakachowashangaza wazazi kuliko hatua yoyote utakayowafundisha.

Umeona nimesema ngoma ilie, sikusema spika. Achana na spika wakati wa kufundisha. Mwaka 2009 watafiti wawili, Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto wa kati ya miaka miwili na nusu na minne na nusu. Watoto walipewa ngoma wapige pamoja na mtu aliyeketi nao, au pamoja na mashine inayopiga, au kwa kufuata sauti iliyotoka kwenye spika. Wakaonekana kufuata mapigo vizuri zaidi walipokuwa na mtu. Hata wale wadogo kabisa waliweza kuubadili mwendo wao wamfuate mwenzao. Bibi zetu waliofundisha ngoma kwa mdomo na makofi hawatashangaa, lakini ni vyema kuwa na hoja hiyo mkononi mwalimu mkuu atakapokuuliza kwa nini spika aliyoinunua imekaa stoo. Kuna jambo jingine ambalo spika hailiwezi: mtoto mdogo hupendelea mwendo wa haraka kuliko mtu mzima, miguu yake ikiwa mifupi, na ukimpigia polepole ili "aelewe vizuri" ndipo anapoyapoteza mapigo. Anayepiga kwa mkono huitazama miguu ya watoto na kuifuata, kisha taratibu huivuta ije kwake.

Huna haja ya ngoma kubwa za bugobogobo kwa sasa. Debe na kijiti vinatosha. Kama kijijini kwenu yuko mzee anayepiga, na Usukumani hakosekani, mwombe aje mara moja kwa wiki kuanzia wiki ya tatu, aketi chini katikati ya watoto, awaache waziguse ngoma kabla hajazipiga. Mwambie mapema apige safu moja au mbili tu. Ngoma zetu nyingi zina mapigo yanayopishana, mengine yakienda mbili na mengine tatu, na sikio la mtoto huhitaji mlango mmoja wa kuingilia. Mlango huo unaweza kuwa makofi au kayamba.

Kuhusu kayamba na njuga, niseme neno la haraka. Njuga za chuma ni nzito kwa kifundo cha mguu cha mtoto na humchubua. Vizibo vya soda vilivyopondwa bapa na kushonwa kwenye kitambaa laini vinalia vizuri, ila pitisha kidole kwenye kila kingo. Kayamba za kopo zenye maharage ndani zifungwe kwa gundi na utepe, maana maharage yakimwagika yatafika puani kwa mtu kabla hujageuka.

Sasa kulia na kushoto. Wengi wao hawatavijua kwa uhakika hadi wafike miaka 6 au 7, na kulijua kulia kwa mtu anayekutazama usoni huchelewa zaidi. Usipoteze hata siku moja hapo. Ukisimama mbele yao ukanyoosha mkono wako wa kulia, wao watanyoosha wa kushoto, kama kioo, nao wako sahihi. Ama uwe kioo kweli, ufanye kinyume, ama uyafute maneno hayo kabisa utumie vitu vilivyopo: upande wa mwembe, upande wa choo, upande wa barabara. Njia bora kuliko zote ni duara, kwa sababu ndani ya duara kuna "ndani" na "nje" tu, na hayo mtoto wa miaka 3 anayaelewa. Duara pia linawaweka wote mbele. Kila mmoja anakuona na anaonwa, na anayesahau anamwiga wa mbele yake. Watoto wako wanalifahamu tangu nyumbani, kwenye ile michezo ya kushikana mikono, kuzunguka na kuangukia chini wote kwa pamoja. Anzia hapo kila kipindi, kwa dakika mbili, ili duara liwe mahali wanapopakumbuka wenyewe bila kupangwa.

Katika wiki ya pili na ya tatu ingiza miondoko. Hapa nakuomba uitazame bugobogobo yenyewe ilikotoka. Ni ngoma ya shambani. Vikundi vya kulima vilikwenda kulima kwa pamoja, na ngoma ikapigwa ili majembe yapande na kushuka kwa wakati mmoja na kazi isichoshe. Mbwembwe za kulirusha jembe hewani na kulizungusha ni za mafundi wa kikubwa. Kiini chake ni mwili unaolima, na hicho mtoto wa Mwanza hahitaji kufundishwa, kwa kuwa amemwona mama yake, babu yake na jirani. Waulize: "Nani amewahi kumwona mtu akilima? Anafanyaje?" Kisha nyamaza utazame. Utapata watoto kumi watakaolima kwa namna kumi: mmoja anapiga magoti, mmoja anajifuta jasho, mmoja anashika kiuno na kulalamika mgongo kama bibi yake. Chagua minne kati ya hiyo, uiweke juu ya mapigo, na kila mwondoko uuite kwa jina la mtoto aliyeuleta. Mwondoko wenye jina la mwenzao hawausahau. Niliwahi kuwa na hatua tuliyoiita "ya Neema" kwa miaka mitatu baada ya Neema kwenda darasa la kwanza.

Lakini upime na mwili. Mtoto wa miaka 3 huruka kwa miguu yote miwili. Karibu na miaka 4 huanza kuruka kwa mguu mmoja, mara chache na kwa kuyumba. Kurukaruka kwa kubadili mguu, ule mwendo wa hatua na ruko, huja miaka 5 hadi 6, tena kwa wengine tu. Darasa lako lina wote hao pamoja. Kwa hiyo kila mwondoko uwe na namna mbili zinazofanana kwa mbali: wanaoweza wanaruka kwa mguu mmoja, wengine wanakanyaga kwa kishindo, na mapigo yanawafunika wote. Mtoto asiyeweza kusimama alime akiwa ameketi; kulima ni kazi ya mikono na mabega, na mabega ndiyo uhai wa ngoma hiyo. Usimshike mtoto kiungo kukikunja bila kumwambia, na usiingie na fimbo mkononi, hata kama ni ya kuonyeshea tu. Nimeona darasa zima linalokaza mabega kwa sababu ya fimbo iliyowekwa mezani, na mabega yaliyokazwa hayachezi.

Majembe ya chuma au ya mbao yenye mipini, kwa maoni yangu, yafutwe. Kama mwalimu mkuu atasisitiza kwamba bila jembe si bugobogobo, na ana haki ya kusema hivyo, tengenezeni majembe ya boksi gumu yenye mpini mfupi kama mkono wa mtoto kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na yaletwe wiki ya tano, siyo kabla. Yakishaletwa, sheria ni moja: ngoma ikinyamaza, jembe liko chini mguuni. Ndipo utakapoona faida ya ile wiki ya kusimama.

Huyo anayesimama akitazama usimsukume. Nimekuwa naye karibu kila mwaka. Wapo watoto wanaojifunza kwa macho kwanza, na mwili hufuata baadaye, mara nyingi nyumbani. Muulize mama yake, huenda akakuambia kwamba jioni anawafundisha wadogo zake ngoma nzima. Mpe kazi iliyo ndani ya ngoma lakini nje ya macho ya watu: akae karibu na mpigaji, ashike kayamba, awe ndiye anayeinua mkono kuashiria kimya. Wengine huingia duarani siku moja bila kutangaza, na ikitokea hivyo usimpigie makofi, atarudi nyuma. Asipoingia hata siku ya mahafali, mwenye kayamba naye ni mchezaji.

Kwa wazazi wanaotaka bongo fleva, sina ugomvi na muziki huo, nami huucheza kwenye harusi. Shauri langu ni kwamba uketi na mzazi mmoja au wawili msikilize maneno ya wimbo wanaoutaka, neno kwa neno, mkimfikiria mtoto wa miaka 5 akiyaimba mbele ya babu yake. Mara nyingi mjadala huishia hapo. Suala la viuno lataka uangalifu zaidi, kwa kuwa watu wawili hukosea kwa pande mbili. Kiuno kimo katika ngoma zetu nyingi na si haramu kwa mtoto kukizungusha, naye hukizungusha bila kufundishwa akisikia mapigo. Kinachokosewa ni kumfundisha ngoma zenye maana ya jando na unyago, ambazo wenyewe walizo nazo wanazo kwa wakati wake, au kumwelekeza acheze kwa namna itakayowafanya wakubwa washangilie mambo asiyoyajua. Nikiwa na shaka, hujiuliza kama mtoto angecheza vile vile akiwa peke yake uani. Kama sivyo, ni mimi niliyeingiza kitu.

Vipindi vyako viwe vifupi na vingi: dakika 20, mara nne kwa wiki, vinafaa kuliko saa moja na nusu Ijumaa mchana watoto wakiwa na njaa. Ukiambiwa unapoteza muda wa kusoma, mweleze mwalimu mkuu kwamba Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 linataka watoto wa miaka 3 na 4 wapate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, na angalau 60 kati ya hizo ziwe za kutoa jasho. Dakika zako 20 ni sehemu ndogo tu ya hizo.

Dakika 8 za onyesho ni nyingi mno. Omba 4. Zinatosha kwa mpangilio huu: watoto waingie kwa kutembea, wakiitikia neno moja fupi la Kisukuma ambalo manju, yaani kiongozi wa wimbo, awe mzee au wewe mwenyewe, atakuwa analiimba, wafanye duara kuuzunguka mpigaji, walime ile miondoko minne, kisha ghafla ngoma inyamaze na watoto wote 38 wagande. Acha kimya hicho kiende hadi uwanja mzima unyamaze nao. Ngoma irudi, kila mtoto acheze apendavyo kwa muda mfupi, halafu watoke kwa mwendo ule ule walioingia nao. Wewe uwe ndani ya duara, unacheza. Kujificha nyuma ya turubai ukiwapungia mikono kunawavuta wote watazame turubai.

Wiki ya sita fanyia mazoezi mahali penyewe pa sherehe, na uwaite darasa la pili waje kuketi kama watazamaji, maana macho ya watu ni kitu cha kuzoea. Okoteni mawe na misumari, kwa kuwa watacheza pekupeku. Ombeni kabisa ngoma ya watoto iwe ya kwanza kwenye ratiba, na isimngoje mgeni rasmi. Mgeni rasmi huchelewa, na mtoto aliyekaa saa mbili juani akiwa na katani kiunoni hana tena cha kucheza. Choo kwanza, mavazi baadaye. Watu wa kutunza watakuwepo, na noti zikianza kubandikwa vipajini mwa watoto duara limekwisha, kwa hiyo weka ungo pembeni na mshereheshaji atangaze mapema kwamba pesa zote ziende huko. Wenye simu wapewe mahali pao nyuma ya kamba. Mtoto akitoka duarani kumfuata mama yake, mwache aende. Wawili waliokuwa kando yake wameshazoea kushikana mikono na watalifunga pengo wenyewe.

Na debe lako uende nalo siku hiyo, hata kama mzee amekuahidi kwa kiapo kwamba atakuja na ngoma zake.